Watu Arobaini wa Likwata

Barua ilifika Jumatatu, mwezi wa tano mwaka 1981, na Pazi alijua imebeba nini kabla haijafunguliwa. Barua za kawaida katibu wa kijiji alikuwa akiziacha dukani, mwenyewe utaikuta utakapoikuta, panya wakikuachia. Hii alikuja nayo kwa miguu mpaka mlangoni, jua la saa saba, kavaa shati la mikono mirefu na ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee Pazi."

"Marahaba," Pazi akajibu, akabaki amekaa. Jeshini alikuwa na mtu mmoja tu, Likwata, mtoto wa dada yake Esha.

Ilikuwa barua ya mistari sita, mitatu ikiwa anwani. Ilisema kijana amefariki akiwa kazini nchini Uganda, mwezi wa pili, na amezikwa kwa heshima zote za kijeshi. Basi. Miezi mitatu Esha alikuwa akimwombea mwanawe arudi salama, naye kijana yuko chini ya udongo wa watu. Hilo lilimuuma Pazi kuliko kifo chenyewe. Kifo ni cha Mungu, lakini ile miezi mitatu ilikuwa ya makarani.

"Kazi gani?" Esha aliuliza aliposomewa. "Si walisema vita vimekwisha?"

Katibu akatazama viatu vyake. Ni kweli, walisema. Miaka miwili nyuma ngoma ilichezwa pale uwanjani usiku kucha, nduli kakimbia, na mbuzi wa kijiji wakaliwa mpaka ngozi. Ila wanajeshi wengine walibakizwa kule kulinda nchi ya wenzao isimong'onyoke, na waliobakizwa waliendelea kufa, mmoja leo, mmoja baada ya miezi, wa risasi, wa magari, wa homa. Kijijini walitangaziwa hilo mara moja mkutanoni, wakalisahau kabla hawajafika majumbani. Mtu mwenye shamba la kupalilia hawezi kukaa na vita kichwani miaka yote.

Kwa watu wa vijiji vile vya nyuma ya Pande, mtoto ni wa mama yake na wa ndugu za mama yake. Baba wa Likwata alikwisha kuoa kwingine, huko Mtanda, Lindi mjini, na habari zake zilikuwa za kusikia tu. Mwenye msiba alikuwa mjomba. Pazi ndiye aliyemsimamia Likwata jandoni, ndiye aliyempa nauli siku anakwenda kuandikwa jeshini, na sasa ndiye aliyetakiwa kumzika bila maiti.

Kijiji kilikuwa na uzoefu wa kuzika bila maiti. Wa kwanza alikuwa Dadi, mtoto wa Mboni, Januari ya sabini na tisa. Siku ile mbiu ililia alfajiri na hakuna aliyekwenda shamba. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko kijiji. Watu walikuja kutoka Pande, wengine walitembea kutoka Njinjo siku mbili njiani. Wakubwa wa wilaya walikuja na Landrova na magunia mawili ya mchele. Watoto wa shule waliimba, bendera ikashushwa nusu mlingoti. Dadi alikuwa amekwisha kuzikwa huko huko Kagera, kwa hiyo Maalim Abdulrahmani akasalisha sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti aliye mbali. Msikiti ukajaa, ua ukajaa, watu wakasimama mpaka kwenye mihogo. Kabla ya takbira ya kwanza Maalim akageuka akawaambia:

"Mtume wetu amesema, Mwislamu akifa na wakasimama watu arobaini kumsalia, watu wasiomshirikisha Mungu na kitu, Mungu huwapokea maombi yao kwa ajili yake. Arobaini tu! Nanyi leo mmepita mia tatu. Mboni, futa machozi."

Esha alikuwa nyuma ya ua wa makuti pamoja na wanawake wenzake, akalisikia neno lile na akaliweka.

Wa pili alipokufa walisimama watu mia na zaidi. Wa tatu, wakubwa wa wilaya hawakuja, walituma salamu. Wa nne alikuwa mtoto wa Biasha, na barua yake ilifika Juni, ngoma ya ushindi imekwisha chezwa. Watu waliipokea kama mgeni anayefika harusini wakati sufuria zinaoshwa. Wa tano alisaliwa mwaka uliofuata baada ya alasiri, na waliokuwa wakicheza bao barazani walimaliza kwanza mchezo wao. Hakuna aliyekuwa mbaya, nataka hilo lieleweke. Walikuwa wamechoka. Walikuwa wakila unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, wakifua kwa majivu, wakitembea maili kumi kutafuta chumvi, na huzuni nayo ni kazi, mtu huichoka kama anavyochoka jembe.

Na Pazi asijitoe. Siku ya mtoto wa Biasha yeye alikuwa ufutani. Ufuta ulikuwa umeanza kupasuka, na ufuta ukipasuka haukungoji, unamwaga mbegu chini ukiutazama. Alijiambia msikitini watakuwepo wengine. Kila aliyekuwa shambani siku ile alijiambia hivyo hivyo.

Matanga ya Likwata yaliwekwa siku tatu, wakaja majirani. Walikuja Mboni na Biasha, wakalala chini na Esha kwenye mkeka mmoja tangu usiku wa kwanza. Wanaume walipita jioni, wakatoa mkono, wakauliza kama mvua imeharibu mikorosho. Siku ya pili jamaa mmoja kutoka upande wa chini wa kijiji alikaa barazani, akanywa chai ya mkandaa isiyo na maziwa, kisha akamwinamia Pazi na kumnong'oneza, "Samahani, mzee. Likwata ndiye yupi? Yule mrefu?"

"Mfupi," Pazi akasema. "Mwenye kovu la jembe mguuni."

"Ahaa," yule mtu akasema, na ilionekana wazi kwamba bado hamjui.

Jumatano jioni Esha alimwita kaka yake uani. Macho yake yalikuwa makavu, yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Kaka, sikuombi kitu kingine. Bendera sitaki. Mchele wa serikali sitaki, mpunga wangu wa bondeni ninao, nitapika. Nataka watu arobaini. Mwenzangu alipata mia tatu. Mimi mwanangu wamsimamie arobaini tu."

"Utawapata, dada."

"Usiniambie nitawapata. Nenda kawatafute."

Akaenda. Alhamisi, siku ya kuanua matanga, alianza nyumba ya kwanza ya juu na fimbo yake, akashuka mlango kwa mlango. Hakuna aliyemkatalia, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Angekataliwa angegombana, na ugomvi humpa mtu nguvu. Wote walimwambia "Inshallah," na Inshallah ya mtu anayetaka uondoke nyumbani kwake haijifichi. Mmoja alisema atakuja kama punda wake ataonekana. Mwingine alianza kumpa pole ya mtoto wa Biasha, akifikiri ndiye anayesemwa. Mpaka adhuhuri Pazi alikuwa amepata watu kumi na tisa, na katika hao kumi na tisa aliwaamini saba.

Maalim Abdulrahmani alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha msikiti, anasugua magoti.

"Unajichosha bure, Pazi," Maalim akasema. "Kesho si Ijumaa? Na Ijumaa kwetu haisimami ila kwa wanaume arobaini wakazi, na haijapata kuvunjika tangu tuhamie hapa. Nikitoa salamu tu, kabla hawajainuka, naunganisha na ghaibu. Watakuwa wamekaa tayari."

Pazi alijiona mjinga, akafurahi kuwa mjinga. Jambo jepesi kama lile, na yeye kazunguka nusu ya kijiji kwa magoti haya! Nyumba za chini hakuzifikia tena. Alikwenda kumwambia Esha, "Tayari, wamepatikana," na Esha akamshukuru, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele.

Ijumaa saa nne asubuhi lori likaingia.

Lilikuwa halijaonekana kwa muda wa miezi mitatu. Lililetea duka la kijiji sabuni za mche, sukari, na doti chache za khanga, na kabla mavumbi hayajatua kila mtu alikwisha jua. Maftaha, muuza duka, alijifungia ndani na mali ili aihesabu, akasema atafungua dirisha baada ya sala. Foleni ikapangwa hapo hapo kama desturi: huwekwi wewe, linawekwa jiwe lako. Mmoja jiwe, mmoja kopo, mmoja pakacha lililotoboka, vyote vimejipanga kwenye mchanga kufuata ukuta wa duka, na kila mwenye kitu alikijua chake. Na Pazi naye, akipita kwenda msikitini, aliweka jiwe. Nyumbani kulikuwa na nguo za msiba za kufua, na wageni wa kunywa chai.

Msikitini aliwahesabu. Walikuwa sitini na mmoja, na roho yake ikatua. Maalim alifupisha hotuba, akasalisha, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na Pazi alipogeuza shingo kushoto kufuata salamu ile tayari kulikuwa na nafasi tupu pembeni yake. Walitoka kama maji kwenye chungu kilichopasuka, kwa adabu, bila kusukumana, viatu mkononi.

"Ndugu zangu," Maalim alisema akiwa bado hajasimama vizuri, "tunayo sala ya ghaibu ya kijana wetu..."

Alipomaliza sentensi, mbali na Pazi, walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Watatu kati yao walikuwa wazee ambao mambo ya dukani waliwaachia wake zao, na mmoja alikuwa amesinzia.

"Nianze?" Maalim akauliza, bila kumtazama Pazi.

"Bado," Pazi akasema. "Nipe kidogo."

Kutoka msikitini mpaka kwa Esha si mbali, lakini siku ile ilikuwa mbali. Alikuwa akipanga maneno. Aliweza kusema uongo, ni kweli. Angesema walisimama sitini na mmoja, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini uani alikuta masinia manane ya wali yamepangwa juu ya mikeka na kufunikwa kawa, sinia moja kwa watu watano, kama wanavyokula watu wa sadaka. Esha alikuwa amepika hesabu yake kamili. Uongo usingeweza kula wali ule.

"Wako wapi?" Esha akauliza.

"Dukani."

Biasha alikuwa ameshika mwiko. Akamtazama Pazi, wala hakuwa na hasira, akasema kama mtu anayemkumbusha mwenzake alipoacha panga lake:

"Na wewe kwa mwanangu ulikuwa ufutani."

"Nilikuwa ufutani, Biasha."

"Najua. Mafuta yake ulinipa chupa."

Pazi alitamani ardhi impasukie. Kwa miaka miwili alikuwa akiiona ile chupa ya mafuta kuwa wema.

Esha hakulia. Alijifunga khanga kiunoni, akakunja nyingine kuwa kata, akainama na kujitwika sinia la kwanza. "Hawaji kwa Likwata," akasema, "basi Likwata atawafuata." Mboni akachukua la pili, Biasha la tatu, na majirani wengine wakajitwika yaliyobaki. Pazi akawafuata nyuma na fimbo yake, mikono mitupu, mwanamume pekee katika msafara.

Foleni ilikuwa imeshakamilika, kila mtu pembeni ya jiwe lake, jua juu ya vichwa, dirisha la Maftaha bado limefungwa. Esha akatua sinia lake mchangani katikati yao, na wenzake wakatua yao. Harufu ya wali wa nazi ikapanda. Watu wale hawakuwa wameinusa harufu ile tangu Idi.

"Mama, sadaka ya nani?" akauliza kijana mmoja, tena kwa heshima.

"Ya mwanangu. Kafa vitani."

"Vita gani?"

Hakukusudia ubaya, Mungu ni shahidi, alikuwa hajui. Mtu wa nyuma yake alimpiga kiwiko, lakini neno lilikwisha toka, na kila aliyelisikia alilisikia kama limetoka kinywani mwake mwenyewe.

"Vile mlivyovichezea ngoma," Esha akamjibu. "Kumbe vilikuwa havijaisha."

Kisha akasema nao wote, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea mbali sana. "Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mimi nimeanza tangu Jumatatu. Nimechoka kulia peke yangu, jamani. Siwatoi kwenye foleni, najua sabuni hakuna, hata kwangu hakuna. Simameni hapo hapo kwenye mawe yenu. Udhu mnao, mmetoka Ijumaa sasa hivi. Geukeni tu."

Wanaume wakatazamana. Maalim Abdulrahmani alikuwa amefika na wale kumi na mmoja wake, anahema. Alitazama mchanga, akautazama ule mstari wa watu na makopo. "Inafaa," akasema. "Sala ya maiti haina rukuu wala sijda. Ni kusimama, na kusimama mnasimama." Akavua viatu, akapanda barazani mwa duka, akaelekea kaskazini kwenye kibla. Kibla ya pale iliangukia ukuta wa duka, na ilibidi wote wageuke wautazame.

Mmoja akageuka, wa pili akageuka. Yule kijana aliyeuliza vita gani aliona haya akakimbilia safu ya mbele. Wengine wachache walijifanya hawakusikia, wakabaki wakitazama dirisha, na hao Mungu awasamehe, si kazi yangu. Pazi alisimama nyuma kabisa ili ahesabu. Thelathini. Thelathini na sita. Mzee aliyekuwa amesinzia akaongozwa mkono akaingia. Pamoja na Maalim, pamoja na yeye mwenyewe, walikuwa arobaini na wawili.

"Allahu Akbar," Maalim akasema.

Pazi alifunga mikono kifuani na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alimwona Likwata vizuri, mfupi, na kovu lake, akicheka na mdomo umejaa korosho mbichi aliyoambiwa asile. Machozi yakamtoka. Takbira ya pili ikapita, salamu zikamwendea Mtume. Maalim akaleta takbira ya tatu, ambayo baada yake maiti huombewa dua, na Maalim alikuwa mtu wa dua ndefu.

Ndipo komeo likalia. Maftaha, aliyekuwa ndani na hajui lolote, alisukuma dirisha likafunguka pande zote mbili, akaita kwa sauti, "Haya, wa kwanza!" Kisha akaona nyuso na mikono iliyofungwa vifuani, akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini dirisha lilikuwa limekwisha kufunguka, na nyuma yake miche ya sabuni ilionekana imepangwa, na yeyote mwenye macho aliweza kuona kwamba haitoshi.

Maalim akaendelea na dua. Akamwombea Likwata makao mema kuliko makao yake, na watu wema kuliko watu wake. Na Pazi, mjomba mtu, mwenye msiba, alijikuta anahesabu miche. Alijikuta anasema moyoni, Maalim, fupisha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hata hivyo hakuweza kuyaondoa macho kwenye sabuni. Mchanga ukalia upande wake wa kulia, nyayo za mtu mmoja, kisha za mwingine, zikienda polepole kama mtu anayejiibia mwenyewe. Kisha kushoto.

Takbira ya nne. Sala ya maiti huishia kwa salamu, na salamu hugeuza shingo, kulia mtu akaona, kushoto mtu akaona. Pazi alifumba macho. Akageuka kulia amefumba, akageuka kushoto amefumba, kwa nguvu, kama mtoto anayetiwa dawa ya macho.

Baadaye wali uliliwa. Watu walikula wima, tonge mkono mmoja, kikapu mkono mwingine, wakisogea kadiri foleni ilivyosogea, na walikuja kumpa Esha mkono wakiwa hawamtazami usoni. Yule kijana alikula kidogo sana. Jiwe la Pazi lilirukwa, aliyekuwa nyuma yake akapita, naye hakulidai.

Walirudi jua likiwa limeanza kuinama, yeye na dada yake, kila mmoja na masinia matupu kwapani. Njiani Esha akauliza, bila kusimama:

"Walikuwa wangapi, kaka?"

"Arobaini na wawili."

Wakatembea. Kulikuwa na mikorosho pande zote na hakuna aliyepita.

"Mpaka mwisho?"

Pazi alitaka kumwambia ndiyo. Maneno yalifika mdomoni, yakakataa. "Nilifumba macho, dada," akasema. "Mwisho sikuuona. Wewe ulikuwa nyuma yetu. Ulionaje?"

Esha akahamisha masinia kutoka kwapa moja kwenda jingine.

"Mimi nilikuwa nimeinama nafunua kawa," akasema. "Kwa hiyo ni arobaini na wawili."

Pazi akaitikia kwa kichwa. Alipofumbua macho baada ya salamu, dada yake alikuwa amesimama wima, mikono kifuani, anatazama safu, na kawa zote nane zilikuwa bado juu ya masinia.